Je, wajua kwa nini yai la kuchemsha huwahi kuharibika kuliko yai bichi?

Mwezi wa Ramadhani, katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Lamu, sinia ya futari ikishaondolewa hubandikwa sufuria ya mayai. Ni ya daku. Saa kumi za usiku nani ana nguvu ya kuanza kukaanga? Yai likiwa tayari, unalimenya, unalinyunyizia chumvi na pilipili manga, unalila na mkate wa mofa, na maji ya kutosha. Ni chakula chepesi kinachomshikilia mtu mchana kutwa, na ni tabia nzuri.

Ila yale yanayobaki ndiyo yenye swali. Yakiachwa kwenye bakuli mezani, kesho yake jioni yameanza kunuka na yanateleza. Na trei ya mayai mabichi iliyokaa kidakani wiki nzima haina neno. Wengi wangetarajia kinyume chake. "Limeshapikwa hilo, litaharibikaje?" Kumbe kule kupikwa ndiko kulikolidhoofisha.

Mtazame kuku anayeatamia. Hukalia mayai yake siku 21, na joto chini ya kifua chake ni kama nyuzi 37.5 za Selsiasi. Hata kaskazi ikiwaka vipi, chumba cha jiko cha Lamu hakikai kwenye joto hilo usiku na mchana kwa wiki tatu. Tena ni joto ambalo bakteria wanalipenda sana, na chini ya kuku kuna majani makavu na kinyesi. Lau yai lisingekuwa na ulinzi wake lenyewe, lingegeuka viza kabla kifaranga hajapata umbo. Na ulinzi huo haukuwekwa kwa yai la kuatamiwa tu. Yai la kuku wa gredi, ambalo halikuona jogoo, limeumbwa vivyo hivyo.

Ulinzi unaanzia nje. Ganda la yai lina vitundu maelfu, visivyoonekana kwa macho, vya kupitisha hewa. Yai linapotagwa huwa limepakwa ute mwembamba wa protini, nao ukikauka huviziba vitundu hivyo. Ndiyo maana Ulaya mayai ya kuliwa kwa kawaida hayaoshwi na hupewa muda wa siku 28 tangu kutagwa, ilhali Marekani huoshwa kiwandani na tangu hapo lazima yakae kwenye baridi mpaka yafike kwa mlaji. Mayai yetu, yanayovushwa kwa mashua kutoka Mokowe na kupelekwa madukani kwa punda na hamali, kwa kawaida hayajaoshwa, na ni heri yabaki hivyo mpaka dakika ya kupikwa. Anayeyaosha yote akifika nyumbani ili "yawe safi" anayavua nguo yao.

Bakteria akipenya ganda, hukuta ngozi mbili nyembamba, zile unazoziona zimegandana na ganda unapomenya. Akizivuka hizo, anaingia kwenye ute mweupe, na hapa ndipo pa kustaajabisha. Ute ni mzito, kwa hiyo hasogei kwa urahisi kuelekea kwenye kiini, ambako ndiko chakula kilikojaa. Kadiri yai linavyokaa, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka kupitia vitundu na ute unazidi kuwa wa alkali: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hupanda kutoka kama 7.6 mpaka 9 na zaidi, kiwango ambacho bakteria wengi hawakipendi. Halafu ndani ya ute mna lisozaimu, protini inayokata ukuta wa bakteria mpaka anapasuka. Aliyeieleza kwanza ni mwanasayansi Alexander Fleming mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya kugundua dawa ya penisilini. Aliikuta kwenye makamasi na machozi, na pia kwenye ute wa yai. Nyingine ni ovotransferini, ambayo kazi yake ni kushika madini ya chuma yasipatikane. Bila chuma bakteria wengi hawawezi kuzaana. Basi hata aliyefaulu kuingia hubaki na njaa.

Sasa lichemshe. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi kama 62, na kuganda maana yake ni kwamba protini zake zimekunjuka na kupoteza umbo. Protini hufanya kazi kwa umbo lake. Umbo likienda, kazi nayo imekwenda. Ovotransferini huwa miongoni mwa za mwanzo kuvunjika. Lisozaimu ni ngumu zaidi, lakini dakika kumi ndani ya maji yanayotokota huimaliza nguvu. Na maji hayo hayo huuondoa ule utando wa juu ya ganda. Bakteria waliokuwa ndani wamekufa, hilo ni kweli. Lakini yai sasa ni nyumba ambayo mlango u wazi na mlinzi ameshaondoka: yeyote atakayeingia baadaye atakuta chakula, unyevu na joto, na hakuna wa kumzuia.

Mara nyingi huingia pale pale wakati wa kupoza. Yai likitolewa kwenye maji moto na kutumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa, na kusinyaa huko huvuta maji kidogo kupitia vitundu vilivyo wazi. Yakiwa maji safi, hakuna tatizo. Yakiwa ya kisima kisichotiwa dawa, au ya birika la kuhifadhia maji, yaliyokaa siku nyingi, umelinywesha yai kile ambacho wewe mwenyewe usingekinywa. Pozea kwa maji ya kunywa, na barafu iwe ya maji ya kunywa vile vile.

Kisha ni hesabu ya saa. Bakteria, wakipata joto na chakula cha kuwatosha, wanaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20. Mmoja tu, kwa saa sita, anaweza kuwa zaidi ya 260,000. Kutoka futari mpaka daku ni zaidi ya saa tisa. Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, jasho halikauki hata usiku, na bakuli la mayai mezani ni hatari ya kweli kwa watoto, kwa wazee na kwa mja mzito. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa chakula ni kwamba yai la kuchemsha lisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, lisizidi saa moja.

Kwa hiyo mwenye friji ayapoze upesi, ayafute yakauke, ayaweke na maganda yake kwenye chombo chenye kifuniko, na ayale ndani ya wiki moja. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake, na mayai yakae ndani kabisa, si mlangoni ambako joto hubadilika kila anapopita mtoto kutafuta maji ya baridi. Usimenye mpaka unapotaka kula. Mikono yetu, hata ya mtu nadhifu, inaweza kuwa na bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye akiachwa kwenye chakula chenye joto hutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto, kwa hiyo kulirudisha yai kwenye mchuzi wa nazi ukichemka hakuliponyi. Stima ikipotea saa nyingi na friji ikapoteza ubaridi, usiyaonee huruma.

Asiye na friji asichemshe ya kesho. Ayaache mabichi, mahali pakavu penye kivuli. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, chenye kuta nene, kinafaa sana. Wakati wa daku achemshe yale ya kuliwa tu. Dakika kumi si nyingi.

Kigandisho nacho hakifai kwa mayai ya kuchemsha: ute hugeuka mgumu kama mpira na kutoa maji. Ile duara ya kijani kuzunguka kiini si uozo. Ni salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini kwa sababu yai limechemshwa mno, na halidhuru. Na yai lililotagwa jana litakutesa kulimenya. Chagua lililokaa wiki hivi, na ulitie kwenye maji yanayochemka tayari.

Liko jambo la mwisho ambalo pwani linatuhusu hasa, kwa vile tunapenda achari. Embe na ndimu tunazianika juani siku nyingi na zinakuwa tamu. Yai usilifanyie hivyo. Mwaka 1997 huko Illinois, Marekani, mtu mmoja aliugua botulismu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, kwa kula mayai ya siki aliyoyatengeneza nyumbani. Alikuwa ameyatoboatoboa ili siki iingie, kisha akayaacha nje ya friji, mara nyingine penye jua. Siki hufika polepole katikati ya kiini, na huko katikati hakuna hewa, ndiko bakteria wa ugonjwa huo anakostawi. Mayai ya siki yasitobolewe, na tangu saa ya kwanza yakae kwenye friji.