Ukuta wa Xi'an kwa baiskeli ya watu wawili

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na mume wangu ni mtu wa baiskeli. Kule Xi'an, China, kila mmoja wetu alipata chake juu ya ukuta wa mji. Mzunguko wake ni kama kilomita 13.7, na huko juu ni upana wa mita 12 hadi 14, hivyo waendesha baiskeli wanapishana bila kubanana. Baiskeli zinakodishwa huko huko juu, penye malango makubwa. Wanandoa nawashauri mchukue ya watu wawili.

Wa mbele ana usukani na breki, kwa hiyo macho yake ni ya njia: matofali yana mabonde, na waenda kwa miguu ni wengi. Wa nyuma kazi yake ni kukanyaga pedali. Huyo ndiye anayeweza kuusoma ukuta.

Mkienda kilomita 15 kwa saa, kila baada ya nusu dakika hivi ukuta unatoa kifua nje, yaani sehemu yake inayochomoza kuelekea upande wa adui. Vifua hivyo vimeachana mita 120, na kipimo hicho kina hesabu yake. Mlinzi aliye juu ya ukuta ulionyooka hawezi kumpiga adui aliyejibana chini kabisa bila kujitokeza na kulengwa yeye. Akisimama kwenye kifua, anamwona adui huyo kwa ubavuni. Mshale ulihesabiwa kufika mita 60, basi walinzi wa vifua viwili jirani waligawana nafasi iliyo kati yao, nusu kwa nusu, na hapakubaki mahali pa kujificha. Nimesoma michoro mingi ya ngome, lakini kipimo hiki nilikielewa vizuri nikiwa kwenye tandiko, vifua vikinipita kwa mpigo uleule mmoja.

Ukuta huu ulijengwa na utawala wa Ming, 1370 hadi 1378. Matofali mnayoyaona nje ni vazi tu, tena lililovishwa baadaye, 1568. Mwili wake ni udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka; la chini kabisa lilichanganywa na chokaa na mchele wa kunata. Udongo wa kimo cha mita 12 hausimami wima, ndiyo maana chini ukuta ni mpana zaidi, mita 15 hadi 18. Adui wake mkubwa ni maji yanayopenya kutoka juu. Tazameni upande wa ndani, mtaona mifereji inayoyateremsha.

Anzieni Lango la Kusini, mwelekee mashariki, na mbadilishane viti mkifika Lango la Kaskazini ili mwenzako naye apate zamu ya kutazama. Kwa njia hiyo mtapita kwanza pembe tatu za mraba, kisha mtafika ya kusini-magharibi, ambayo ni ya mviringo. Upande huo wajenzi wa Ming walifuata msingi wa ukuta wa zama za Tang, uliokuwepo karne nyingi kabla yao. Hapo shukeni wote wawili.