Kabla ya kusema insulini haifanyi kazi

Malalamiko yanayofika hospitalini kuhusu kliniki ya kisukari yameongezeka, na mengi yana maneno yaleyale: insulini za siku hizi hazina nguvu. Mgonjwa amechoma uniti alizoandikiwa, kwa saa alizopangiwa, na bado asubuhi kabla hajaweka kitu mdomoni mashine ya kupima sukari inasoma 16 au 18 (mmol/L), yaani juu sana. Malalamiko haya tunayapokea kwa uzito, na utaratibu wa kuyawasilisha tutaueleza hapa chini. Ila tunapomwomba mhusika alete kichupa na bomba lake, kisha atuonyeshe anapochoma, mara nyingi jibu hupatikana palepale mezani.

Tuanze na utunzaji. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8. Kilichoanza kutumika kinaweza kukaa nje, mahali pasipozidi nyuzi 30, kwa wiki nne kwa aina nyingi. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho. Muda huo ukiisha kinatupwa hata kama dawa imebaki. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000, kwa hiyo anayechoma uniti 20 kwa siku angehitaji siku 50 kukimaliza. Huyo lazima atamwaga dawa, na tunajua inauma. Andika tarehe ya kufungua kwenye kipande cha plasta, ukibandike kwenye kichupa siku hiyohiyo.

Watu wanaogopa sana joto na kusahau baridi. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Huganda kwenye friza, huganda ikiegemea ukuta wa nyuma wa jokofu dogo, na huganda safarini pale kichupa kinapofungwa pamoja na barafu bila kitambaa katikati. Insulini ya maziwa, yaani ile nyeupe isiyopenyeza mwanga, ikiharibika huonyesha mabonge yasiyochanganyika, au chembe nyeupe zilizoganda kwenye kioo. Ile ya maji, yaani ile angavu, ikiwa na ukungu, usiichome. Lakini isiwe kigezo chako pekee, kwa sababu dawa iliyopoteza nguvu si lazima ibadilike sura.

Kwa asiye na jokofu, mtungi unatosha. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, mchanga huo uloweshwe maji asubuhi na jioni, kitambaa chenye unyevu juu, kisha vyote vikae kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Mtungi hufanya kazi vizuri zaidi penye hewa kavu, kama Dodoma na Singida, kuliko Pwani wakati wa masika, kwa sababu ubaridi unatokana na maji kukauka. Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia vipimo vya joto vya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya: insulini zilizokaa wiki nne kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 zilibaki na nguvu. Kwa hiyo kukosa jokofu si sababu ya kuacha dawa, wala ya kuipeleka kwenye friji ya duka la jirani inayofunguliwa kila dakika. Na matokeo hayo si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya bajaji iliyoegeshwa juani, maana humo nyuzi 37 hupitwa mapema.

Bomba la sindano ndilo linaloleta madhara makubwa zaidi, na tunaomba msomaji achukue la kwake sasa hivi alitazame. Ubavuni pameandikwa U-100, yaani ni la insulini ya uniti 100 kwa mililita, na mfuniko kwa kawaida ni wa rangi ya chungwa. Kwenye bomba la mililita 1 kila kistari kidogo kwa kawaida ni uniti 2. Kwenye bomba la nusu mililita kila kistari ni uniti 1. Aliyeandikiwa uniti 16 akihesabu vistari 16 kwenye bomba la mililita 1 amevuta uniti 32. Usihesabu vistari, soma namba. Yapo pia mabomba ya U-40, mara nyingi yenye mfuniko mwekundu, yaliyotengenezwa kwa insulini ya uniti 40 kwa mililita. Ukilitumia kwa dawa yetu ya uniti 100, alama ya 20 ni nusu mililita kamili, yaani uniti 50. Hiyo ni mara mbili na nusu ya dozi. Muuzaji akikwambia "yote ni mabomba tu", rudisha.

Kabla ya kuvuta dawa ya maziwa, izungushe taratibu katikati ya viganja mara 10 hadi 20 mpaka weupe uenee sawa. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Vuta hewa kiasi kile cha dozi, iingize kwenye kichupa, geuza kichupa kichwa chini, vuta dawa. Kipovu cha hewa hakikuui, ila kinakula nafasi ya dawa. Baada ya kuchoma, hesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa sindano. Insulini ya maji ya kawaida na ile mchanganyiko wa 30/70 huchomwa nusu saa kabla ya kula, na chakula kiwe kiko tayari. Kuchoma ndipo uanze kuwasha jiko ni kujitafutia kuanguka.

Sasa pitisha vidole mahali unapochoma. Ukikuta kinundu laini, au sehemu nene kuliko ngozi ya pembeni, hapo pamechoka. Vinundu hivi huja kwa kuchoma sehemu moja kila siku, na wagonjwa huvipenda kwa sababu haviumi. Dawa inayochomwa humo hunyonywa ovyoovyo: leo sukari 18, kesho 3, na lawama zote zinaenda kiwandani. Hama. Tumia tumbo, vidole vitatu kutoka kitovuni, au upande wa nje wa paja, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa vidole viwili. Tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha: ukihamia ngozi nzima dozi ileile itafanya kazi kwa nguvu zaidi, hivyo zungumza na muuguzi wa kliniki kwanza, na pima mara nyingi zaidi wiki hiyo.

Kupima nako kuna kasoro zake. Kidole kilichomenya embe au chungwa kinaweza kutoa 20 kwa mtu mwenye 8. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa, toboa pembeni mwa kidole, si katikati. Kikopo cha vijiti vya kupimia kifungwe mara tu unapotoa kijiti, maana unyevu huviharibu.

Hapa tuseme jambo ambalo tumelisema miaka mingi na bado linarudi. Hakuna "kisukari cha kupanda" na "kisukari cha kushuka". Kisukari ni sukari kuzidi kwenye damu. Anayeshuka, mara nyingi ni yule anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya aina ya glibenclamide, akazidisha dozi, akachelewa kula, akalima au akanywa pombe. Anayejitangaza kuwa na kisukari cha kushuka, akaacha dawa na kutembea na pipi mfukoni, tutamwona wodini. Na hakuna dawa ya mitishamba "inayosafisha kongosho". Tusiendelee na hilo.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ukitetemeka, ukitoka jasho na kuchanganyikiwa na huna mashine, koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Maziwa, chapati na chokoleti vinachelewa. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ikishapanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni; mlaze ubavu umkimbize hospitali. Aliyeshushwa na glibenclamide aje hospitali hata akizinduka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Kinyume chake, mwenye kisukari aina ya kwanza, yaani ambaye mwili wake hautengenezi insulini, hasa mtoto, haachi insulini kwa sababu anatapika au hajala. Kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu ni dalili za damu kujaa asidi. Usimpeleke kwanza akapimwe malaria duka la dawa. Aje moja kwa moja, usiku au mchana.

Kama umefuata yote haya na bado una shaka na dawa, utaratibu ni huu. Usitupe kichupa. Kilete kikiwa na lebo yake, pamoja na boksi kama lipo, kadi ya kliniki, daftari la vipimo na mashine yenyewe. Nenda dirisha la dawa, si mapokezi, uombe fomu ya taarifa ya dawa. Mfamasia ataandika jina la dawa, namba ya toleo (batch) iliyo kwenye lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi, mahali ulipoipata na namna ulivyoitunza. Taarifa hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Bila namba ya toleo hakuna linalofuatiliwa, hata ukija na mwenyekiti wa mtaa. Dawa iliyonunuliwa kwa mtu asiye na duka lililosajiliwa nayo ilete. Hatutakuuliza kwa lengo la kukushtaki. Kadi ya bima ni jambo jingine: kumwazima ndugu kadi ili achukue insulini kwa jina lako ni udanganyifu, na dozi zake zitaingia kwenye faili lako, ambalo daktari atalitumia kukupangia wewe.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ya dawa ya kufulia. Chupa ya maji ya kunywa hutoboka. Kuzitupa jalalani kunamchoma mzoa taka, na halmashauri zinaweza kukutoza faini kwa sheria ndogo zake, mbali na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Chupa ikijaa robo tatu, funga mfuniko, zungushia plasta, andika "sindano", uilete siku yoyote ya kazi. Si lazima iwe siku yako ya kliniki, na hakuna malipo.