Asilimia 3 ya watu wenye ulemavu haishushi viwango

Mteja wa tatu mwezi huu kaniuliza, tena kwa kunong'ona, "sasa hiyo asilimia 3 ya watu wenye ulemavu si ndo kushusha viwango?" Jamani hapana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 haisemi uokote mtu yeyote ujaze namba, inamtaka mwenye sifa za hiyo kazi, ila ukiwa na wafanyakazi kuanzia 20 basi wenye ulemavu wasipungue asilimia 3 ya wafanyakazi wako. Piga hesabu, wafanyakazi 100 ni watu watatu.

Kinachonichoma ni kwamba hivyo viwango mara nyingi wala havipimi kazi. Kuna kampuni niliisaidia kuajiri makarani wawili wa stoo, tangazo lao linasema "awe mzungumzaji mzuri", karani anayeshinda na leja na kompyuta! Kiziwi mwenye diploma ya ugavi akisoma hapo anajua hatakiwi, hatumi hata barua. Halafu usaili wakauweka ghorofa ya tatu na lifti mbovu, kijana mmoja wa kitimwendo kakaa getini kwa mlinzi toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, mlinzi kapiga simu juu mara mbili, mimi naangalia fomu nakuta kaandikiwa "hakufika". Alifika kabla ya wote! Nikawaambia shusheni meza ya usaili huku chini, wakashusha, akatoka wa pili kati ya watu 11 na kazi akapata. Bila ile meza ingebaki "hakufika" na mtu angesema wenye ulemavu hawana sifa.

Eti sheria hii ni ya serikali tu. Sio kweli, hata kampuni binafsi imo.

Eti ni kuwabagua wengine. Someni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hatua za kuleta usawa kazini hazihesabiwi ubaguzi.

Na gharama, hii nayo naisikia kila siku. NVDA, programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, ni ya bure kabisa. Muulizeni mhusika anahitaji nini kabla hamjaanza kulia bajeti, wengi watakwambia meza isogezwe tu au watumiwe meseji badala ya kupigiwa.

Kabla hamjatoa tangazo lijalo chukueni kalamu, kila sifa muulizane inatumika wapi kwenye kazi yenyewe, ikikosa jibu kateni. Na usaili fanyieni chini.