Kitunguu saumu mwitu cha Afrika: ni mmea gani, unatambuliwaje, unaliwaje

Kitunguu saumu mwitu si mmea mmoja. Jina hilo hupewa mimea kadhaa ya porini ambayo jani lake likivunjwa hutoa harufu ya kitunguu saumu. Ulaya ni Allium ursinum, wenye majani mapana na maua meupe, unaotanda chini ya miti majira ya machipuko. Mashariki mwa Amerika Kaskazini kuna Allium tricoccum. Kusini mwa Afrika ni Tulbaghia violacea, na huo ndio ninaoueleza hapa, kwa kuwa ni wa bara letu na haugombani na jua kali.

Kwao ni Afrika Kusini, hasa Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Wazulu huuita isihaqa, Makaburu wilde knoffel. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jenasi hii (yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu) jina Tulbaghia kutokana na Ryk Tulbagh, Mholanzi aliyekuwa gavana wa koloni la Cape, kusini mwa Afrika, kuanzia 1751 hadi 1771. Ndugu zake wengine wa jenasi hiyo wamesambaa kuelekea kaskazini hadi Tanzania. Lakini violacea wenyewe ukiuona Nairobi au Arusha, ujue umepandwa na mtu, na mara nyingi aliyeupanda aliutaka kwa ajili ya maua tu, hajui kwamba unaliwa.

Anayeuchimba akitafuta kichwa chenye punje kama cha sokoni ataambulia mizizi minene na vishina vifupi vilivyovimba kidogo. Kwa mpishi, mali yake iko juu ya ardhi, yaani majani na maua. Watu wengi wanalikosa hilo, wanang'oa mmea mzima ambao ungewapa majani kwa miaka.

Utambuzi uanze kwa macho. Majani ni membamba, marefu kama sentimita 30, rangi ya kijani chenye ukijivu kidogo, nayo hutoka kwa wingi kwenye kichaka kimoja. Katikati hupanda bua lisilo na jani hata moja, na kileleni mwake kuna shada la maua madogo ya zambarau hafifu. Kila ua lina ncha sita kama nyota, na ukichungulia kati yake utaona kitaji kidogo kilichosimama kuzunguka mdomo wa ua. Kitaji hicho ndicho alama ya jenasi nzima; maua ya vitunguu vya kawaida hayana. Baada ya ua hutokea tunda kavu lenye mbegu nyeusi. Ipo pia aina ya bustanini yenye mistari myeupe kwenye majani, nayo ni mmea uleule.

Kisha pua. Jani zima halinuki sana. Lisugue, harufu itakupiga. Ndani ya jani, kiambato chenye salfa na kimeng'enya chake hukaa mbalimbali. Seli zikivunjika vinakutana, harufu inazaliwa. Katika kitunguu saumu cha kawaida kinachopatikana ni alisini. Katika Tulbaghia ni ndugu yake aitwaye marasmisini.

Harufu ina mtego wake. Ukishalisugua jani la kweli, vidole vyako vinanuka, na jani lolote utakaloshika baadaye litaonekana kunuka vilevile. Ulaya watu wamekufa kwa kuchanganya Allium ursinum na mimea yenye sumu kama Colchicum autumnale, ambayo majani yake huota maeneo hayohayo na hufanana nayo. Mkono uliokwisha kunuka hauwezi kukuonya. Kwa hiyo ndugu zetu walioko Ujerumani au Uingereza wanaokwenda kuchuma msituni wakague jani mojamoja, wasikombe kwa konzi. Kwetu wa kuchungwa ni Agapanthus, ambao nao asili yake ni kusini mwa Afrika na mara nyingi hupandwa bustani moja na Tulbaghia. Majani ya Agapanthus ni mapana zaidi, maua ni makubwa na ya buluu au meupe, na jani likisuguliwa halitoi harufu ya kitunguu saumu. Hauliwi.

Kuupanda ni kazi nyepesi. Omba kichaka kwa jirani, kigawe kwa mikono au kisu, kila kipande kibaki na mizizi na majani, kisha pandikiza kwa nafasi ya sentimita 20 hivi. Unataka jua, mboji kiasi, na udongo usiotuamisha maji. Ukishashika huvumilia ukame vizuri. Kwa mbegu pia inawezekana, ila utasubiri maua hadi mwaka wa pili au wa tatu, na sioni sababu ya kusubiri ilhali vichaka vinagawika. Konokono huupenda. Tena usichume kichaka kilichopandwa kandokando ya barabara au ofisini, kwa sababu hujui kimepuliziwa dawa gani.

Wazulu wameupanda kuzunguka nyumba zao ili kufukuza nyoka, imani ambayo huku kwetu nayo ipo kuhusu kitunguu saumu cha kawaida. Mimi nisingeutegemea. Nyoka hufuata panya na maficho, kwa hiyo fyeka nyasi kwanza.

Jikoni uchukulie kama majani ya kitunguu. Kata machache kwa kisu karibu na shina, uache mengine yaendelee. Yakatekate, uyatie mwishoni chakula kikikaribia kuiva, maana moto mrefu huifukuza harufu. Hufaa sana kwenye mayai ya kukaanga, viazi vya kuponda, maharage, au mtindi wa kulia ugali. Maua yakinyunyizwa juu ya kachumbari huleta rangi na ukali kidogo wa pilipili. Huko kwao majani na maua hupikwa hata kama mboga kamili. Wauza maua hudai kwamba ukiula hauachi harufu mdomoni; mimi nisingeingia kikaoni nikiwa nimetoka kuula.

Kama dawa una historia ndefu. Waganga wa kusini mwa Afrika huutumia kwa mafua, homa, pumu na matatizo ya tumbo, na sehemu ya chini huuzwa kwenye masoko ya dawa za asili, jambo linalomaanisha kuchimba mmea mzima. Kuutumia kupita kiasi huleta maumivu ya tumbo. Kuna suala zito zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu cha kawaida vilishusha kwa karibu nusu kiwango cha saquinavir, mojawapo ya dawa za ARV, katika damu. Utafiti huo haukuhusu Tulbaghia, wala majani mawili kwenye mayai si vidonge. Lakini mtu anayemeza ARV au dawa nyingine ya kila siku, na anayetaka kuanza kunywa mchemsho wa mmea huu kila asubuhi, amwambie kwanza mhudumu wake wa kliniki.