Hamira haipimi joto, inapima shida

Hamira unayoumulia unga wa mandazi ndiyo seli ninayoitegemea kazini. Inaitwa Saccharomyces cerevisiae, ina jeni zipatazo 6,000, na hustawi kwenye nyuzi joto 30 hivi. Ukiihamisha ghafla hadi nyuzi 39 haifi. Ndani ya dakika chache, hata hivyo, inakuwa imebadilisha mwenendo wa mamia ya jeni zake. Wanafunzi wakishaona hivyo huuliza: seli imejuaje kwamba kuna joto?

Wengi hutarajia niwaonyeshe protini moja inayofanya kazi ya kipimajoto. Kwa upande wa majibu ninaoufahamu vizuri zaidi, mambo hayako hivyo. Seli inahisi madhara ya joto kwa kuangalia jinsi protini zake walezi zilivyozidiwa na kazi.

Protini hutoka kwenye ribosomu, yaani mashine za seli za kuunda protini, kama mnyororo mrefu ambao lazima ukunjwe sawasawa ndipo ufanye kazi. Protini walezi, hasa Hsp70, husaidia katika ukunjaji huo. Hali ikiwa shwari, baadhi ya Hsp70 hushikamana na protini nyingine iitwayo Hsf1 na kuibana. Hsf1 ndiyo inayowasha jeni za kukabili joto. Joto likipanda, protini nyingi, hasa zile changa, hukunjika vibaya na kuanza kugandana. Hsp70 huzikimbilia na kuiacha Hsf1 ikiwa huru. Ni kama mlinzi wa ghala la ndoo: moto ukizuka mtaani anatoka mbio kwenda kusaidia, na ghala linabaki wazi kwa kila anayehitaji ndoo. Hsf1 iliyoachiwa hushika DNA mahali palipo na herufi GAA zinazojirudia, na hapo hapo jeni za Hsp70 na za walezi wenzake Hsp90 na Hsp104 huanza kunakiliwa kwa kasi kubwa.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote hauhitaji joto hata kidogo. Ipo amino asidi ya mimea inayofanana na prolini, mojawapo ya amino asidi ambazo seli huziunganisha kutengeneza protini. Ukiwapa hamira wakiwa kwenye nyuzi zao 30, seli huipachika kwenye protini mpya kwa kudhani ni prolini, na protini hizo hushindwa kukunjika vizuri. Hsf1 inawaka! Maji hayajapata moto, lakini kwa Hsf1 hali ni ile ile.

Mwaka 2016 kundi la David Pincus, lililokuwa Whitehead Institute huko Marekani, lilionyesha kwamba Hsp70 huachana na Hsf1 mara joto linapopanda, kisha huirudia baadaye. Watafiti hao waliondoa pia sehemu za Hsf1 zinazobandikwa fosfeti, vipande vidogo vya kemikali ambavyo seli huvitumia kubadili kazi ya protini, ambazo wengi tuliamini ndizo swichi yenyewe. Hsf1 bado ilijibu joto. Fosfeti huongeza nguvu ya jibu, lakini si zenyewe zinazolianzisha.

Kuna upande wa pili, nao una kipimo tofauti. Protini mbili ndugu, Msn2 na Msn4, ambazo nazo huwasha jeni zikiingia kwenye kiini cha seli, hukaa nje yake maadamu sukari ni tele na kimeng'enya PKA kinafanya kazi. Ukiiunganisha Msn2 na protini inayong'aa kijani, unaweza kuufuata mwendo wake kwa hadubini. Kabla ya joto, seli nzima ina ukungu wa kijani. Ukishapasha, kijani kile hujikusanya na kuwa nukta moja kali ndani ya kiini, na hayo yote huchukua dakika chache tu. Msn2 huitika pia chumvi ikizidi au chakula kikipungua, kwa hiyo tusiihesabu kuwa ni ya joto peke yake.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 na kundi la Stanford ulikuta kwamba jeni zipatazo 900 hubadilika kwa namna moja katika misukosuko mingi. Kama 300 hupanda na kama 600 hushuka. Zinazoshuka mara nyingi hupuuzwa, nami naona ni kosa. Nyingi ni jeni za kutengenezea ribosomu. Kupunguza ribosomu huokoa nishati, lakini kuna sababu nyingine. Mwaka 2019 makundi mawili yalionyesha kwamba protini za ribosomu zinapokosa mahali pa kujiunga hugandana, na Hsf1 huwaka. Kwa hiyo kupunguza uundaji wa ribosomu ni kuwapunguzia walezi mzigo.

Faida ya maandalizi haya inaonekana kwenye sahani ya agari, yaani utelezi mgumu wenye chakula ambao hamira huota juu yake. Chukua hamira wa kawaida, wapashe kwanza kwa nyuzi 37 kwa nusu saa, halafu uwatie kwenye nyuzi 50 kwa dakika kadhaa. Dondosha matone, kila moja likiwa limezimuliwa mara kumi kuliko lililotangulia, na usubiri siku mbili. Wale waliotayarishwa wanaota hadi tone la tatu au la nne. Wenzao waliopelekwa moja kwa moja kwenye nyuzi 50 huota kidogo sana. Ukiifuta jeni ya Hsp104, maandalizi hayasaidii sana, kama Yolanda Sanchez na Susan Lindquist walivyoonyesha mwaka 1990. Hsp104 huyachambua mabonge ya protini na kuzitoa moja moja ili zikunjwe upya.

Hsp70 mpya zikishakuwa nyingi, protini zilizoharibika hupata wa kuzihudumia, na Hsp70 zinazobaki huishika tena Hsf1. Jeni zinarudi chini ingawa maji bado ni nyuzi 39. Ndiyo maana nawasisitizia wanaoanza utafiti wachukue sampuli mapema na mara nyingi: kabla ya joto, kisha dakika ya 5, ya 15, ya 30 na ya 60. Anayechukua ile ya 60 peke yake hukuta sehemu kubwa ya ongezeko la RNA, yaani nakala za jeni, imeshapungua, na anaweza kuandika kwamba jeni zake hazikujibu joto kwa nguvu.