Betri Haijafa, Waya Ndio Mwembamba

"Mwalimu, betri hii ishakufa, na haijatimiza hata miezi sita." Ndivyo alivyonianza nahodha mmoja wa dagaa wa Tumbe, hapa Pemba, betri kaitua mlangoni mwa karakana. Taa zake za chomboni zilikuwa zinawaka kama kibatari, na giza la mwezi, wakati wa kuvua dagaa kwa taa, ndilo linaingia.

Nikaipima: volti 12.6. Betri ya risasi na tindikali ya volti 12 ikisoma hivyo baada ya kupumzika, imejaa. Lakini betri mbovu nayo huweza kusoma vizuri ikiwa haina kazi, kwa hiyo tukateremka pwani, tukawasha taa zote. Ampia 10 zikapita. Kwenye betri mita ilisoma volti 12.2, kwenye taa 9.9.

Volti 2.3 zimepotelea njiani.

Umeme wa betri huenda upande mmoja tu: hutoka chanya, hupita kwenye taa, hurudi hasi. Huo ndio mkondo mnyoofu. Volti ni msukumo, ampia ni wingi wa kinachopita, na omu hupima ukinzani, yaani ugumu wa njia. Skuli tunapenda kutoa mfano wa tangi la maji na mpira. Si mbaya, ila mpira ukikatika maji humwagika. Waya ukikatika umeme haumwagiki, husimama njia nzima papo hapo.

Georg Ohm, Mjerumani, aliiandika kanuni yake mwaka 1827: volti ni ampia mara omu. Waya wa nahodha ulikuwa wa shaba, milimita ya mraba 1.5, ule ule wa taa za nyumbani. Kutoka betri hadi taa ni mita 10, lakini umeme una kwenda na kurudi, basi hesabu 20. Shaba ya unene huo, mita 20, ina omu 0.23. Zidisha kwa ampia 10, unazipata volti zilizopotea.

Mbona nyumbani waya huo hausumbui? Taa za wati 120 kwenye volti 230 huvuta kiasi cha nusu ampia tu. Volti zikiwa chache, ampia huwa nyingi, na upotevu hukua. Hata umeme wa Pemba, unaotoka Tanga kwa kebo ya baharini tangu 2010, husafirishwa kwa volti 33,000, ingawa huo ni mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo kila mara.

Tukaweka waya wa milimita ya mraba 4. Upotevu ukashuka hadi volti 0.9. Viungo vilivyosokotwa kwa mkono tulivikata vyote. Chumvi ilishavitia unga wa kijani, na unga huo nao ni ukinzani.

Likabaki la fyuzi, kiwaya kinachokatika ampia zikizidi. Volti 12 hazikurushi, ndiyo maana watu huzidharau. Lakini chanya ikigusa hasi bila taa katikati, betri hiyo huweza kutoa mamia ya ampia, waya ukawa mwekundu na mbao zikashika moto. Fyuzi ya nahodha ilikuwa kule kwenye taa: ililinda taa, ikaziacha mita 10 za waya bila mlinzi. Tukaweka ya ampia 15 kwenye waya wa chanya, shubiri moja kutoka betri.