Kabla hujafunga maji kwenye kompyuta yako

Dada mmoja msanifu majengo alikuja dukani wiki iliyopita, kompyuta yake ameipakia kwenye bajaji. Aliishusha mwenyewe, dereva hakuruhusiwa kuigusa. Hata kiti hajakalia akaniambia, "Kaka, hii mashine inafika nyuzi tisini na tano kila nikirenda, yaani nikiiamuru igeuze michoro yangu kuwa picha za nyumba. Nimeshaangalia video za kutosha. Nifungie maji."

Nimeshafunga maji, yaani mfumo wa kupooza kompyuta kwa maji yanayozunguka, kwenye mashine kumi na kitu, na ni kazi ninayoipenda kuliko zote humu dukani. Ningeweza kuchukua hela yake siku ile ile. Nikamwambia akae anywe soda, tuipime kwanza.

Prosesa yake, ile chipu kuu inayopiga hesabu zote, ni Ryzen 9 7950X. Hiyo 95 iliyomtisha si ugonjwa. AMD, kampuni inayoitengeneza, waliiunda ijisukume mpaka ifike nyuzi 95 au mpaka igonge ukomo wake wa umeme, ambao ni wati 230, kipi kitangulie. Ukiipa kipoozeo kizuri zaidi, mara nyingi haikushukii mpaka 80. Inaitumia ile nafasi kuongeza kasi, kisha inarudi pale pale kwenye 95. Kwa hiyo ukitazama nyuzi peke yake utadhani kipoozeo kipya hakikufanya kitu. Cha kutazama ni kasi.

Tukatazama. Ilikuwa saa nane mchana, AC imezimwa, chumba kiko nyuzi 31. Mashine ikirenda, viini vyote 16 vya prosesa, yaani sehemu zake zinazopiga kazi kwa pamoja, vilitulia kwenye kasi ya gigahezi 4.7. Nikang'oa kioo cha mbele cha kesi, yaani boksi la kompyuta, kile kinachopendeza na taa zake, kisicho na hata tundu moja. Feni tatu zilikuwa zinavuta hewa kupitia upenyo wa kidole pembeni. Kasi ikapanda mpaka 4.9. Nikapuliza vumbi kwa blowa, nikafuta pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo, iliyokauka na kupasuka kama tope la kiangazi, nikapaka mpya. Ikafika 5.0. Nyuzi bado 95. Dada akanitazama kama mtu anayetaniwa.

Nikaingia kwenye baiosi, yaani mipangilio ya ndani ya kompyuta, nikaipunguzia prosesa ukomo wa umeme mpaka wati 142. Hapo ndipo alipoinua kichwa kwenye simu, maana feni zilinyamaza. Nyuzi 76. Picha iliyokuwa ikitoka kwa dakika 22 ikatoka kwa dakika 24.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu maji wana tatizo kama la huyu dada: kesi isiyopumua, vumbi, pesti iliyokufa, au hofu ya namba. Maji hayatibu hata moja kati ya hayo. Ukifunga rejeta nyuma ya kioo kisichopitisha hewa, umepata rejeta iliyokosa hewa.

Sasa tuseme umeshayamaliza hayo yote na bado unayataka maji. Basi elewa yanafanya nini.

Maji hayamezi joto. Yanalibeba kutoka kwenye chipu, yanalipeleka kwenye rejeta, na pale hewa ya chumbani kwako ndiyo inayomaliza kazi. Kwa kubeba, hayana mpinzani: lita moja ya maji hubeba joto takriban mara 3,500 kuliko lita moja ya hewa kwa kila nyuzi inayopanda. Maji yakizunguka lita moja tu kwa dakika, wati 300 zitayapandisha nyuzi nne na kidogo kutoka mlango wa kuingilia mpaka wa kutokea. Ndiyo maana sishawishiki na wanaonunua pampu kubwa wakidhani wataipooza mashine zaidi. Ukishafikisha lita mbili tatu kwa dakika, unachoongeza ni kelele.

Kikwazo kiko mwisho wa safari. Kama chumba kina nyuzi 31, maji hayatashuka chini ya 31 hata ujaze kesi rejeta. Mfumo uliopangwa vizuri huacha maji yakae nyuzi kumi hivi juu ya joto la chumba. Hesabu ninayotumia, ambayo mafundi wengi wanaitumia, ni rejeta ya feni moja ya milimita 120 kwa kila wati 100, kama unataka feni zizunguke polepole. Video unazoangalia zimepigwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Wewe uko Dar, mwezi wa pili. Ongeza kumi kwenye kila namba wanayokuonyesha. Ukiwa Nairobi chumba kitakuwa na ubaridi zaidi, lakini hewa ya kule juu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ile ile, kwa mzunguko ule ule, inaondoa joto pungufu. Hilo linawakuta wa maji na wa hewa sawasawa.

Kuna kijana aliniuliza kwa nini asitie barafu kwenye tangi la maji ya mfumo. Aitazame chupa ya soda baridi mezani inavyotoka jasho. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kitu chochote chenye ubaridi wa kutosha chini ya joto la chumba kinaanza kulowa. Jasho hilo likitokea nyuma ya mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, hutaliona.

Na joto la chumbani je? Haliguswi. Mashine inayokula wati 600 inamwaga wati 600 chumbani, iwe imepozwa kwa maji, kwa hewa au kwa dua. Mtu mwenye hela ya mfumo mzima wa maji na chumba kisicho na AC, huwa namwambia anunue AC. Akikitoa chumba kwenye 31 akakileta 25, kila kitu ndani ya kesi kinashuka nyuzi sita, pamoja na vile ambavyo maji hayavifikii, kama diski na saketi za umeme za mazabodi. Yeye mwenyewe pia.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba prosesa na kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za kwenye skrini, hazifaidiki na maji kwa kiwango kimoja. Ndani ya 7950X, viini vimekaa kwenye vipande viwili vya silikoni, malighafi ya chipu, kila kimoja milimita za mraba 70 hivi, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kila kipande kikikolea kinatoa karibu wati mia, na joto hilo lazima lipenye silikoni yenyewe, lipite kwenye kifuniko cha shaba, ndipo likutane na kipoozeo. Foleni iko pale mlangoni. Ukipanua barabara wakati mlango wa daladala ni ule ule, abiria hawatashuka haraka zaidi. Kwa prosesa peke yake, tofauti kati ya kipoozeo kizuri cha hewa chenye feni mbili na mfumo kamili wa maji ni nyuzi chache, na kwa macho yangu haijawahi kuilipa gharama yake.

Kadi ya michoro ni habari nyingine. Chipu ya RTX 4090, kadi ya Nvidia, ina milimita za mraba zaidi ya 600, haina kifuniko, bloki ya maji, kile kipande cha chuma ambacho maji hupita ndani yake, inalala juu ya silikoni yenyewe. Kadi hiyo inakula wati 450, na RTX 5090 iliyoifuata wati 575. Hapo joto ni jingi na mlango ni mpana. Kadi iliyokuwa ikikaa nyuzi 70 kwa feni zake nimeiona ikikaa 52 kwa maji, tena hapa hapa mjini. Kasi iliyoongezeka ni megahezi chache tu, usitegemee mchezo ubadilike. Ulichonunua ni ukimya.

Na ukimya una wateja wake. Mfumo wa maji ninaojivunia uko kwenye studio moja ya kurekodi, mashine iko chumba kimoja na maikrofoni kwa sababu hakuna chumba cha pili. Kadi mbili zimebanana, ya juu ilikuwa inavuta hewa ya moto ya ile ya chini, feni zinalia kama pasi inayochemka. Tulifunga rejeta mbili za feni tatu tatu, feni zote zikizunguka mara 700 kwa dakika. Yule bwana alinipigia siku ya pili kuuliza kama mashine imewaka kweli. Pale maji yalistahili kila shilingi. Mashine ya dada msanifu ina kadi ya wati 200 yenye feni zisizosikika. Hapakuwa na cha kununua.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli. Mfumo wa prosesa na kadi kwa pamoja, vifaa vya maana, unaanzia dola 600 na kufika elfu bila jitihada, kabla ya usafiri na ushuru. Kipoozeo cha hewa kinachotosha ni dola 40 hivi. Watu hupiga hesabu ya bloki, pampu na rejeta wakasahau vichwa vya kuungia mipira. Utahitaji kumi na mbili mpaka kumi na sita, na kila kimoja ni dola tano mpaka kumi. Halafu bloki ya kadi inaingia kwenye kadi ya aina ile tu. Siku ukiuza kadi, bloki inageuka pambo la rafu. Ninazo tatu.

Mashine yangu ya kwanza ya maji niliiharibu mwenyewe kwa ubahili. Bloki ilikuwa ya shaba iliyopakwa nikeli. Rejeta niliagiza mtandaoni kwa bei ya kutupa, tangazo linasema shaba, kumbe alumini iliyopakwa rangi nyeusi. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Kisha nyuzi zikaanza kupanda moja moja, kila wiki mbili. Mwezi wa nane tangu niifunge nikafungua bloki. Njia zake, nyembamba kama karatasi ya daftari, zilikuwa zimejaa uji mzito wa kijivu. Shaba na alumini zikikaa kwenye maji mamoja zinakuwa betri, na anayeliwa ni alumini. Siku hizi rejeta ikifika natoa kizibo, nakwaruza kwa tupa ukingoni mwa mdomo, ndani kwenye uzi wa kukazia kizibo. Ikitoka njano au nyekundu naendelea. Ikitoka nyeupe inarudi kwenye boksi. Usiijaribu kwa sumaku, haishiki yoyote kati ya hizo.

Maji ya bomba hapana, ya kisima ndiyo kabisa hapana, yana chumvi. Maduka ya vipuri vya magari huuza maji ya betri, na huuza pia maji makali, kwenye chupa zinazofanana kama mapacha. Maji makali ni asidi. Soma karatasi, usimwamini kijana wa dukani anayesema ni yale yale. Na maji safi peke yake hayatoshi, yanahitaji dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Kwa mteja naweka kulanti, kimiminika cha kupoozea, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta.

Swali la umeme kukatika naulizwa kila mara. Ukikatika, pampu inazimika na prosesa inazimika, hakuna kinachoungua. Hatari ni pampu kufa mashine ikiwa inafanya kazi. Unganisha waya wake wa kupima mzunguko kwenye soketi ya feni ya prosesa, pampu ikisimama mazabodi itapiga kelele, na ikibidi prosesa itajizima yenyewe.

Ile mifumo ya maji iliyofungwa tayari kiwandani sina ugomvi nayo. Unaifunga kwa saa moja, lakini maji hupungua taratibu kupitia mipira na pampu haitengenezeki. Hakikisha tu pampu haiwi ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, maana hewa itakusanyika humo.

Ukifunga wa kwako, usiwashe kompyuta siku hiyo hiyo. Toa plagi zote za umeme kwenye mazabodi na kadi, bakiza pampu. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 uliyoitoa kwenye mazabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, pampu itaanza peke yake. Weka karatasi ya chooni chini ya kila kiungo, nenda kalale. Asubuhi pitisha vidole kwenye kila karatasi. Mara mbili nimekuta moja imelowa, doa dogo kama la chozi, na zote mbili kiungo kilikuwa kile nilichokaza mwisho nikiwa nimechoka.

Dada aliondoka na wavu wa chuma mahali pa kile kioo, na bili ya pesti na ufundi. Jana amenitumia ujumbe: mashine iko sawa, kazi zinatoka, ila taa za mbele hazipendezi kama mwanzo, je kuna dawa? Nimemwambia alete kioo, nitakitoboa.